Skrini Mbili na Sauti ya Bibi Jenoveva

Mama Tabitha Nyangi Magesa, ambaye sisi wote wa Redio Ghuba hapa Musoma tunamwita Mama Gati, anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane kasoro mwezi mmoja. Alipokewa tarehe 1 Agosti 1997 akiwa mpiga chapa. Anaondoka akiwa Mhariri Mkuu wa Sauti, cheo ambacho hakikuwepo mpaka alipokuja kukikalia yeye.

Mimi ni Gasper Boniphace, mhariri msaidizi. Meza yangu iko nyuma ya meza yake, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, na maelekezo yalikuwa mawili: uwe mchangamfu, na usiguse jambo la Aprili. Hilo la kwanza nitajitahidi. La pili, jamani, haliwezekani. Kila aliyeketi ukumbini leo anajua kwamba Mama Gati anaondoka na doa, kwamba eti alifuta sauti ya marehemu Bibi Jenoveva wa Butiama. Kwa doa hilo amenyimwa mkataba wa kubaki kufundisha vijana baada ya kustaafu. Kwa doa hilohilo familia ya Bibi imemtumia ujumbe asikanyage kwao kesho Jumamosi, siku ya kujengea kaburi. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo. Lakini kwanza mjue ni mtu gani tunamuaga.

Alizaliwa Bukima mwaka 1965, mtoto wa nne kwenye nyumba ya wavuvi waliokuwa wanalima mihogo ziwa likigoma. Alikuja mjini na cheti cha kupiga chapa. Wakati huo matangazo ya vifo yalikuwa yanapigwa kwa mashine. Yeye anachapa, mtangazaji anasoma. Siku moja aliinuka mezani kwake akaingia studio taa nyekundu ikiwaka, akamwambia mtangazaji hewani kwamba kijiji alichokitaja hakipo duniani, sasa watu wa msiba waende wapi? Wasikilizaji wote walisikia. Asubuhi hiyo alipewa onyo la maandishi, na jioni akapewa hedifoni, kwa sababu mkubwa wa wakati ule aligundua kwamba katika jengo zima ni mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anasikiliza.

Kuanzia hapo hakutoka tena studio. Amehariri mahubiri, hotuba, matangazo ya mbegu za pamba, kwaya za kila dhehebu la mkoa huu na ugomvi wa madiwani. Aliwahi kumvua koti kiongozi mmoja wa Bunda aliyekuja kurekodi salamu za mwaka mpya, kisa funguo mfukoni zilikuwa zinalia. Yule bwana alivua. Na nani angebisha? Mama Gati akikutazama juu ya miwani yake unajikuta umeshavua, hata kama hukuwa na koti.

Na lipo la jogoo wa Manyamanyama, ambalo wageni wanalidhani ni hadithi. Tulikwenda kumhoji mama mmoja mfanyabiashara, kila akifungua mdomo jogoo wa jirani anawika. Tulirudia mara sita. Mara ya saba Mama Gati aliweka chini hedifoni, akavuka ua, akamnunua yule jogoo, akamfunga kwenye mfuko, akamtia ndani ya gari. Mahojiano yakaisha salama. Kosa lake lilikuwa kusahau kwamba mbele ya safari kulikuwa na mkutano mzima wa wakulima tuliopanga kuurekodi njiani. Jogoo aliwika Bunda hadi Musoma. Tulikaa naye hapa ofisini miezi mitatu, tukampa cheo cha Mkurugenzi wa Vipindi vya Asubuhi.

Sasa kazi yake hasa. Kati ya 1999 na 2004, Mama Gati alizunguka na kinasa sauti cha kaseti vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama, akiwarekodi wazee katika lugha zao: Kijita, Kikwaya, Kiikizu, Kizanaki. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anaenda siku zake za mapumziko, anabeba sukari na sabuni, anakaa chini. Zilikuja kaseti arobaini na tatu. Mwaka 2010 alizihamishia zote kwenye kompyuta, moja moja, kwa muda wake halisi. Kaseti ya dakika tisini anakaa nayo dakika tisini. Bila hivyo leo tusingekuwa hata na kitu cha kulilia, maana mwaka 2020 ziwa lilipojaa maji yaliingia stoo na kaseti zote zikaoza. Diski ya nje iliyokuwa na nakala iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu mwaka juzi. Tuliomba nyingine. Bado tunaomba. Kwa hiyo wazee arobaini na watatu, karibu wote marehemu, walibaki wanaishi ndani ya kompyuta moja ya Studio ya Pili.

Familia zinalijua hilo. Mtu akifikisha mwaka, au akijengewa kaburi, watoto wanakuja na flashi kumwomba Mama Gati sauti, wakaipige ibada ikiisha. Nimeona wanaume wazima, wenye ng'ombe mia, wamekaa kwenye kile kiti cha plastiki na hedifoni masikioni, machozi yanadondoka kwenye viatu. Mama Gati huwa anageukia dirishani mpaka wamalize.

Alijiwekea ahadi kwamba kabla hajastaafu atazisafisha zote: kuondoa mvumo, kupandisha sauti zilizo chini, kukata pale kaseti ilipokuwa inazunguka bure. Mwanzoni mwa mwaka huu zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Bibi Jenoveva alimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote. Bibi yule alikuwa na aibu na kipaza sauti. Alikataa kisogezwe karibu, akasema kitamnyonya pumzi. Kikawekwa upande wa Mama Gati. Dakika arobaini na saba Bibi anazungumza polepole, kwa Kizanaki, juu ya kusaga ulezi, juu ya watoto aliowazaa na aliowazika, na mwishoni anaimba wimbo wa kubembelezea mtoto ambao wajukuu zake wanasema hakuna mwingine aliyekuwa anaujua. Yuko chini sana. Mama Gati alikuwa akimsikiliza amefumba macho.

Macho yenyewe yalikuwa yameshaanza kumsaliti. Ana presha ya macho. Kompyuta ya Studio ya Pili ni ya mwaka 2009, ina umri wa mtoto wa sekondari na ukaidi wake, na programu ya kuhariri sauti tunayoitegemea haikubali kukaa kwenye mashine nyingine yoyote tuliyonayo. Ukiifungua inaleta madirisha mawili. Moja lina mawimbi ya sauti, lingine lina vitufe na orodha ya mahali ulipokata. Kwenye skrini moja ndogo madirisha hayo yanafunikana, unafunga hili ufungue lile, siku nzima. Nilikuwa namwona anasogeza uso mpaka pua inakaribia kioo. Iliniuma. Nikasema moyoni, huyu mama tutamfungia skrini ya pili. Wazo lilikuwa langu. Naomba liandikwe hivyo.

Skrini tulipewa na parokia. Ilikuwa fupi kuliko ya zamani, tukaiinua kwa matofali mawili tuliyoyavika kitenge. Fundi Enos alikuja kutoka Bunda, akafungua kasha la kompyuta, akakuta tundu la kuchomeka waya wa skrini ni moja tu, kwa hiyo lazima iongezwe kadi ya picha. Alikuwa amekuja nayo. Lakini ndani nako nafasi ya kadi ni moja, na ilikuwa imekaliwa na kadi ya sauti, ile tuliyoweka baada ya radi kuua sauti ya mashine yenyewe. Enos hakuuliza. Sisi hatukuuliza. Alichomoa moja akaweka nyingine. Skrini zote mbili zikawaka, mawimbi huku, vitufe kule, jamani tulishangilia! Tulipiga picha, tukatuma kwenye grupu la wafanyakazi. Mama Gati alishika mikono kifuani, akasema leo anaiona kazi yake kama anayeona shamba kutoka mlimani.

Kisha akabonyeza kitufe cha kucheza. Kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yetu: mashine ya kuhariri sauti yenye skrini mbili, na sauti haina.

Enos aliahidi kuleta kadi ya sauti ya kuchomeka kwa nje, Jumatano. Nyie mnaijua Jumatano ya fundi. Zilipita siku tisa. Mama Gati alisema basi, ngoja aitumie nafasi hiyo kwenda Mwanza kuonyesha macho. Siku anaondoka alisimama mlangoni na mkoba wake akaniambia nisiguse kitu, na akarudia lile ambalo kila mtu aliyepita mikononi mwake amelisikia hadi kulichoka: usikate usichokisikia, macho yanadanganyaga.

Nikagusa.

Najua mnageuka kunitafuta. Niko mstari wa tatu, shati la bluu. Sikugusa kwa ubaya. Nilimhesabia siku zilizobaki, nikaona hatazimaliza kumi na mbili, nikataka arudi akute nusu ya kazi imefanyika. Na redio imetulea hivyo: ukimya hewani ni dhambi, ukiuona unakata. Na zile skrini mbili, haki ya Mungu, zinakupa kiburi. Faili zima limelala mbele yako kuanzia mwanzo hadi mwisho, unaona vilima, unaona tambarare. Vilima ni watu, tambarare ni kaseti inayozunguka bure. Ndivyo nilivyojiambia. Nikaanza kukata tambarare kwenye yale ya nyuma, ambayo yeye angechelewa kuyafikia. Faili la kwanza, la pili, la tano. Nikawa nasevu juu ya lile la zamani ili diski isijae, maana ilikuwa imeshaanza kulalamika.

Faili la Bibi Jenoveva lilikuwa tambarare karibu lote. Uzi mwembamba tu katikati ya skrini, na hapa na pale kilima. Nikajiuliza huyu bibi mbona alirekodiwa hovyo. Nikaukata uzi. Nikabakiwa na dakika sita nzuri, safi. Nikasevu. Nikafunga. Nikaenda kunywa chai.

Enos alileta kadi ya nje mwisho wa Aprili, sauti ikarudi. Mama Gati naye alirudi na matone ya macho na onyo la daktari, akaendelea na mafaili yaliyokuwa mbele. Sikumwambia nilichofanya. Nilitaka afike mwenyewe ashangae.

Mei tarehe 14 alikuja Debora, mjukuu wa Bibi Jenoveva, kutoka Butiama, na flashi yake nyekundu. Bibi anatimiza miaka kumi tangu afariki, ukoo umeamua kumjengea kaburi, wanataka sauti. Mama Gati alifurahi. Alimvika hedifoni kwa mikono yake kama anavyomvikaga kila mtu, akachomeka na zake, akabonyeza.

Kilichobaki kwenye lile faili ni maswali. Kipaza sauti kilikuwa karibu na Mama Gati, kwa hiyo vile vilima vilikuwa ni yeye mwenyewe, miaka ishirini na nne iliyopita, sauti ya ujana wake, anamuuliza Bibi watoto walikuwa wangapi. Halafu swali lingine papo hapo, bila jibu katikati. Halafu mbwa. Halafu anamuuliza kama anaukumbuka ule wimbo, na faili linaisha. Maswali yote yapo. Bibi hayupo.

Debora alivua hedifoni akauliza Bibi anaanza saa ngapi. Mama Gati alivua zake. Aligeuka taratibu akanitazama, na nilivyokuwa nimekaa tu alielewa yote, sikuhitaji kufungua mdomo. Na sikuufungua. Kisha akamgeukia Debora, akamwambia: “Mwanangu, nimeifuta mimi. Ni haya macho.”

Mimi nilikaa. Nilikaa Debora akilia, nilikaa Meneja alipoitwa, nilikaa barua ya onyo ilipoandikwa, nilikaa mkataba wa kufundisha ulipofutwa kwa sababu mtu asiyeona hawezi kukabidhiwa vijana. Kila mtu aliamini. Macho yake ni mabovu, nani angetilia shaka? Nilikuwa na sentensi mbili tu za kusema, na nimezibeba wiki sita. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, tunawasomea watu hewani kila asubuhi. Nimekuwa nikiisoma mimi.

Diski Enos aliibeba Bunda wiki nzima akijaribu kurudisha. Alirudi na picha za harusi ya mtu, na nusu ya tangazo la dawa ya mifugo. Yale mengine niliyoyakata nimeyasikiliza, wazee wenyewe wamo; Bibi Jenoveva hakurudi. Hatarudi. Naandika hivi ili pasiwe na mtu wa kutufariji na habari za wataalamu wa Dar es Salaam. Tumeshawauliza, sauti nyingine iliandikwa palepale alipokuwa. Wimbo ule haupo tena popote chini ya jua, na mkono ulioufuta ndio huu ninaoandikia.

Nilimfuata Mama Gati nyumbani kwake kumwomba aseme ukweli. Alinipa kiti, hakunipa chai, na kwa watu wa huku mnajua maana yake. Akaniambia: “Wewe una miaka ishirini mbele na watoto wadogo. Mimi nilikuwaga naondoka tu. Unyamaze.” Nikaanza kumshukuru, akanikata. Akasema nisimshukuru kwa sababu ana hasira na mimi mpaka usingizini, na kwamba atanisamehe akishamaliza kukasirika, na hajui ni lini. Halafu akalia. Hakuwa analia kwa ajili ya mkataba. Alisema alikaa na Bibi yule kwenye mkeka mmoja, akala kwake, akamwahidi kwamba maneno yake hayatapotea, na sasa hata kwenda kuweka ua kaburini amekatazwa. Nilimsikia kila neno. Kwa hilo sikuhitaji kadi ya sauti.

Amenifundisha kazi miaka kumi na moja na amenikataza jambo hili moja, kusema. Mama Gati, nimekuvunjia amri mara mbili sasa. Ya kwanza isamehe ukiweza. Hii ya pili nakuomba usinisamehe, maana siijutii.

Meneja, barua yangu iko mezani kwako tangu saa mbili asubuhi. Inasema haya yaliyoandikwa hapa, na inaomba mkataba wa kufundisha arudishiwe mwenye masikio. Langu mimi amua utakavyo. Najua uliagiza kurasa mbili na uchangamfu. Kijitabu nimekipeleka kuchapwa mwenyewe, na nakala mia na ishirini zimeshawekwa kwenye viti.

Kuhusu Butiama, sikutaka familia isikie haya kwa watu. Jumanne nilimpelekea Debora maandishi haya, yote mpaka kabla ya maneno ya Meneja, mkononi. Aliyasoma amesimama, upande wa kaburi, saruji ikiwa imeshashushwa. Aliyakunja, akaingia ndani, hakuniambia hata karibu. Jana mchana ukaja ujumbe wake kwenye simu, nauweka hapa kama ulivyo: “Mama Gati aje, tumemwekea nafasi na watoto wa Bibi. Wewe usije.”

Basi, mama, kesho nenda. Kaa pale walipokuwekea, na wakikuuliza Bibi alikuwa anasema nini, waambie unachokumbuka, maana ni wewe tu umebaki unakijua. Redio Ghuba inakushukuru kwa miaka ishirini na minane ya kutusikilizia. Tunakutakia maisha mema ya kustaafu, afya ya macho, na Jumamosi njema Butiama. Mimi nitakuwa hapa studio.